Matanga ya Mwami Ruhinga

Mume wangu Isihaka aliandika kitabu cha kurasa mia nne ambamo hafi mtu hata mmoja, na kwa sababu ya kitabu hicho tukafukuzwa kwenye chama cha kuzikana. Naanza na hilo ili usije ukadhani nakusimulia habari za mapenzi.

Mimi naitwa Asmahani, nauza vitenge soko la Kasulu. Isihaka ana duka la fotokopi na vifaa vya shule karibu na stendi. Kwa miaka mingi alikuwa akichelewa kurudi jioni, nami nikajua ni mitihani ya shule anaichapa, kumbe alikuwa anaandika. Wenzangu waume zao wakichelewa ni nyumba ndogo. Wangu alikuwa na mfalme. Sijui lipi lina nafuu, maana nyumba ndogo siku nyingine humrudisha mtu akiwa ameshakula.

Kitabu chenyewe kinaitwa Mfalme Asiyezikwa. Kinamhusu Mwami Ruhinga, aliyekunywa maji ya chemchemi fulani kwenye vilima vya Kitanga akaishi miaka mia tisa, akiitembelea nchi yake juu ya ng'ombe mwenye mabawa. Mwami huyu alipiga kifo marufuku, na kifo, sijui kwa nini, kikatii. Kuna vita humo vinapiganwa vizazi na vizazi, na kila jioni askari wa pande zote wanarudi makwao kula. Mimi nilisoma sura mbili usingizi ukanichukua. Sura ya tatu nilikuja kusomewa na mtu mwingine, tena kwa hasira.

Uzinduzi tuliufanyia Kibondo. Isihaka alisema nabii hakubaliki kwao, kwa hiyo tukaenda mahali ambapo nabii hajulikani kabisa. Tulikodi mgahawa, tukanunua soda, na watu wakajaa, hasa walipoziona soda. Isihaka alivaa kanzu ya Idi na koti juu yake, akasoma kwa sauti ile sehemu ambayo ng'ombe anapaa juu ya mto Malagarasi. Alipomaliza, muuza mawese mmoja akanyoosha mkono akauliza huyo ng'ombe akiwa angani anakamuliwa na nani. Isihaka akasema hiyo ni fantasia. Yule mtu akasema sawa, lakini maziwa yakijaa, kiwele kitauma.

Kisha akasimama mama mmoja mwenye asili ya Kongo, Mama Jeanne, mfanyabiashara wa vitambaa.

"Papa," akasema, "huyu mwami yako, miaka mia kenda, hakuna hata kilio moja? Sasa batu banakutanaka wapi?"

"Wanakutana kwenye karamu za Mwami, mama."

"Karamu, mutu anaalikwa. Kilio, mutu anakuja tu."

Ukumbi mzima ukampigia makofi Mama Jeanne. Mume wangu hakupigiwa hata moja, ukiacha la kwangu, na hilo nalo lilikuwa la mbu.

Baadaye gazeti moja la Dar es Salaam likaandika kwamba kitabu ni kirefu kama umri wa mhusika wake na, kama yeye, hakioneshi dalili ya kwisha. Isihaka alikikata kipande hicho akakibandika ukutani dukani, kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa sawasawa.

Ningecheka kama wengine, lakini nyumbani tulikuwa na mgonjwa. Mama mkwe wangu, Bi Mwamvua, moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alitushauri tumrudishe nyumbani tumpe kila anachotamani kula. Yeye mwenyewe alizipokea habari hizo kama abiria aliyeambiwa gari lake limekaribia. Sanda yake aliinunua zamani, iko sandukuni chini ya kitanda, na mara nyingi alinionyesha namna ilivyokunjwa. Isihaka ndiye hakutaka kusikia. Mama akianza tu, "Siku nikiondoka," mwanamume anakumbuka kitu dukani. Alimletea machungwa, alimletea dawa, alimletea redio mpya, akaviweka mlangoni na kutoka. Chumbani hakai. Siku moja nilimwambia, "Mume wangu, mama yako hana kipindupindu, ana uzee," akaninunia mpaka jioni.

Mambo yakiwa hivyo, asubuhi moja simu zetu zote mbili zikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kundi la WhatsApp la Chama cha Kufa na Kuzikana cha mtaa wetu, nao ulisema: Nsabimana amekuondoa.

Ambaye hajakaa Kasulu anaweza kuona ni jambo dogo. Msikiti utamwosha maiti, utamswalia na kumpeleka kaburini, hilo halina shaka. Lakini nani atakuja na turubai? Nani atapasua kuni, nani atasonga ugali wa mtaa mzima, nani atalala sebuleni kwako siku zote za matanga ili usibaki ukiongea peke yako? Hao ni chama, Waislamu na Wakristo pamoja, Waha na wale waliotoka Burundi zamani wakapata uraia. Mtu aliyefukuzwa chama, siku ya msiba anabaki na ndugu zake tu, na ndugu unawajua walivyo. Mama mkwe wangu alikuwa amewapikia wafiwa wa mtaa ule tangu mimi sijaolewa. Nilipofikiria kwamba atazikwa kimyakimya kama mpita njia, damu ilinichemka. Nikafunga kibanda changu, nikamburuta Isihaka hadi kwa mwenyekiti.

Mzee Nsabimana ni fundi baiskeli. Ana koti la mvua la kijani ambalo halivui, masika wala kiangazi, na katika mfuko wa ndani wa koti hilo hukaa katiba ya chama. Tulimkuta anaziba pancha, na Esteri, mkuu wa wapishi wa chama, amekaa kwenye benchi anasubiri mnyororo wake.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mama, karibu ukae. Huyu asiyekufa abaki hapo juani, halimdhuru."

"Mzee, kosa letu ni nini?"

"Oya, hapana, hakuna kosa. Amejitoa mwenyewe." Akaifuta mikono, akaitoa katiba, akasoma. "Mwanachama akitamka mbele za watu kwamba hana haja ya kuzikwa, amejitoa."

Kifungu hicho kilitungwa kwa ajili ya mlevi mmoja aliyetoka Kitahana, ambaye kila zamu yake ya kupasua kuni ikifika alikuwa akisema yeye akifa atupiwe fisi, kwa hiyo hadaiwi kuni na mtu. Hakuna aliyefikiri kitakuja kumnasa mwandishi.

"Mimi sijatamka hivyo," Isihaka akasema kutoka juani.

Mzee Nsabimana akainua kitabu kilichokuwa chini ya pampu. "Mfalme Asiyezikwa. Hili jina hapa chini si lako?"

"Ni langu, lakini hiyo ni..."

"Umetamka. Tena Kibondo, mbele za watu, na soda juu."

Hapo ndipo niliposomewa sura ya tatu. Katika sura hiyo Mwami Ruhinga anakivunja chama cha wachimba makaburi, majembe yao yanayeyushwa yanakuwa kengele, na mwenyekiti wao, mzee mkali mwenye koti la mvua la kijani, anapewa kazi ya kufukuza ndege kwenye mashamba ya ulezi kwa miaka mia tano. Mzee Nsabimana alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya kila neno na kuacha alama ya grisi.

"Huyu ni nani?"

"Ni mhusika tu, mzee. Wa kubuni."

"Hii ilikuwa zama gani?"

"Zamani sana. Kabla ya Wajerumani."

"Makoti ya mvua yalikuwepo?"

 Nilimtazama Isihaka nikatamani nimfinye, maana hata mimi sikujua kwamba ameandika hivyo. Mzee wa watu akafunga kitabu, na alipofungua kinywa nikajua hasira yake si ya koti.

"Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa mtoto," akasema. "Tunakimbia kutoka Burundi, bibi yangu akatuishia njiani, karibu na mpaka. Tulimfunika majani ya mgomba, tukakimbia. Majani, mama! Hatukuwa hata na jembe. Hiki chama nilikianzisha kwa sababu hiyo, si kwa sababu nyingine. Halafu huyu anakaa na fotokopi yake, anaandika kwamba kuzikwa ni aibu ya watu dhaifu. Yapo humo, nenda kasome."

 Isihaka alikuwa ametazama chini. Jua lilimchoma na hakusogea.

"Na mama?" nikauliza mwishowe. "Bi Mwamvua amekosa nini?"

"Mama Mwamvua namheshimu. Kilio cha mke wangu alipika yeye. Lakini nikivunja katiba kwa mmoja, kesho yule wa kuni anarudi."

Ndipo Esteri, kutoka kwenye benchi, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Kama taabu ni kwamba huyo mwami hakuzikwa, kwa nini tusimzike?"

Sote tukamtazama. Ungetegemea mtu acheke. Mzee Nsabimana hakucheka. Alifungua tena katiba, akaipekua mbele na nyuma akitafuta kifungu kinachokataza, hakukiona.

"Ego, sawa," akasema. "Akizikwa na chama, kwa utaratibu wote, maneno ya kitabu yatakuwa yamefutika. Turubai, kuni, ugali, wasifu wa marehemu. Na huyu akae mkekani kama mfiwa. Lakini kwanza mwami afe. Hatuzindui kaburi la mtu mzima wa afya."

Njiani Isihaka alikuwa analalamika. "Asma, hiki ni kitabu cha kutokufa. Nikimwua Ruhinga, kitabu chote kimekufa."

"Kwani sasa kiko hai?" nikamjibu. Halafu nikamkumbusha kwamba anaweza kubaki na mwami wake, au mama yake azikwe na watu, achague. Aliingia dukani akachukua kalamu.

Kumwua Ruhinga hakukuwa rahisi. Kwanza Isihaka alimgeuza nyota. Mzee Nsabimana akairudisha karatasi akisema nyota haichimbiwi. Isihaka akaandika vita na joka la vichwa saba, Mwami anakata roho huku anaimba beti kwa beti, na Esteri akasema mtu anayeimba vile hajafa, amelewa.

"Afe kama watu," mzee akamwambia. "Augue. Aombe maji. Wewe hujawahi kumwona mtu anaondoka?"

Isihaka akakiri kwamba hajawahi. Baba yake alifariki yeye akiwa masomoni Tabora, na alipofika alikuta watu wanakunja turubai.

Tangu jioni ile nikaanza kumkuta ukumbini nje ya mlango wa mama yake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasikiliza. Ndani mama anakohoa, nje yeye anaandika. Mama mkwe wangu moyo ulichoka lakini masikio hayakuchoka.

"Nani huko?" akaita.

"Hakuna mtu, Mama," akajibu Isihaka.

"Basi huyo hakuna mtu aniletee uji."

Akaupeleka. Akataka kuuweka mlangoni kama kawaida yake, lakini mama hakuweza kushika kikombe peke yake siku hizo, kwa hiyo ilibidi aingie, akae kitandani, ashike kijiko. Nilipita na kapu la nguo nikawaona. Nilipita tena kapu likiwa tupu nikawakuta bado wamekaa. Sikusema kitu, nikaogopa nikisema atakumbuka kitu dukani.

Mzee Nsabimana aliisoma rasimu iliyofuata amesimama, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa katiba. "Jumamosi," akasema.

Hapo ikazuka ya dini. Marehemu alikuwa wa dhehebu gani? Isihaka hakuwahi kuandika. Mchungaji Ntirampeba wa kanisa la jirani akauliza kama Mwami alibatizwa. Akaambiwa alizaliwa karne nyingi kabla ya wamisionari kuja. "Lakini walipofika alikuwepo," mchungaji akasema. "Alipata zaidi ya miaka mia moja ya kutubu na hakutubu. Nitakuja kama jirani." Shehe naye alituliza kichwa, akasema pasipo maiti hapana swala, na kwa kuwa hapana maiti, wanawake wakitaka kusogea kaburini yeye hana la kuwazuia. Kuhusu maharage akasema ni halali. Mtendaji wa mtaa hakuwa na shida na kibali, alitaka tu kujua nani atarithi yule ng'ombe, maana ng'ombe wa marehemu huleta kesi.

Jumamosi ilipofika turubai likafungwa uani kwetu. Vijana wa chama walikuja na majembe, wakachimba mgombani nyuma ya nyumba, kaburi la kweli, urefu na upana, kwa sababu Mzee Nsabimana alisema chama chake hakichimbi mashimo ya takataka. Maiti yenyewe ilikuwa maboksi ya vitabu ambavyo havikununuliwa, yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Yalikuwa mazito. Wabebaji walipokezana wakisema marehemu alikula vizuri.

Isihaka alikaa mkekani, na watu wakaingia mmoja mmoja wakavua viatu wakampa mkono.

"Pole sana, ndugu yangu. Aliumwa muda mrefu?"

"Ghafla tu. Baada ya miaka mia tisa."

"Ndivyo ilivyo. Ametangulia."

Mtu mmoja alitoka Kasanda kote kule, akidhani amefariki mwami wa kweli, na alianza kulia tangu barabara kuu. Tulipomweleza akasema ameshafika na machozi yake hawezi kuyarudisha Kasanda, akaendelea. Mama Jeanne naye alifika na furushi la mkaa. Hakuna aliyemwalika.

Kelele za sufuria zikamwamsha mama mkwe wangu. Niliingia nikamkuta amekaa kitandani anajitahidi kujifunga kilemba.

"Kafa nani?"

"Ruhinga, Mama."

"Yule wa kitabu?"

"Ndiye."

"Inna lillahi. Na alikuwa anaendelea vizuri." Akanipa mkono nimnyanyue. "Nitoeni. Siwezi kulala ndani na kilio kiko uani kwangu."

Tukamtoa nje amekaa kwenye kiti, mimi na Esteri, tukamfunika blanketi. Watu walipomwona wakasimama. Tulimpitisha akishikana mikono, akiuliza habari za watoto wa fulani na mguu wa fulani, kisha akaomba aonjeshwe maharage.

"Esteri, mwana wanje, chumvi," akasema, akimwita mwanangu kwa Kiha. "Kwangu usinifanyie hivi."

Esteri akacheka, kisha akageuka haraka kuangalia moto.

Mchana Mzee Nsabimana akasimama katika koti lake akatangaza wasifu wa marehemu. Isihaka akaitoa karatasi. Nilijiandaa kuona haya, kama ilivyokuwa Kibondo. Alisoma hivi:

"Mwami alilala kwa ubavu wa kushoto, kwa sababu ubavu wa kulia ulimnyima pumzi. Aliomba uji. Alikunywa vijiko viwili akasema ni mtamu, ingawa sukari ilikuwa imesahauliwa, kwa sababu aliyeupika alikuwa anamtazama. Akauliza kama kuku wamefungiwa. Akaambiwa wamefungiwa. Akauliza tena. Miaka yote mia tisa alikuwa ameitawala nchi, na sasa alitaka kujua habari za kuku tu, na mtu wa kumjibu bila kuchoka."

Iliendelea hivyo, ukurasa mmoja na kitu. Hakuna aliyeuliza habari za ng'ombe. Yule wa Kasanda alianza upya kabisa. Nami nililia, sikuona aibu. Kurasa mia nne za mabawa zilikuwa zimenilaza usingizi, na hii moja ikaniamsha, kwa sababu nilikijua kile kikombe cha uji, niliijua na ile sukari iliyosahauliwa. Mama mkwe wangu alisikiliza huku amefumba macho. Isihaka alipofika kwenye kuku, mama alitabasamu.

"Sasa huyu ni mtu," Mzee Nsabimana akasema, akapenga kamasi. "Twende tukamzike."

Tukaenda mgombani wote, wanawake na wanaume, na mama mkwe wangu juu ya kiti chake. Maboksi yakateremshwa kwa kamba. Chama chetu kina desturi moja, haimo hata kwenye katiba: hakuna anayegusa koleo kabla mfiwa hajatupa udongo wa kwanza kwa mkono wake. Isihaka akainama, akachota udongo mwekundu, akasimama ukingoni.

Akabaki amesimama.

Tulidhani anaomba dua. Kisha tukadhani anatafuta maneno, ni mwandishi. Mkono ulikuwa umenyooka juu ya kaburi, ngumi imefungwa, na udongo unapenya katikati ya vidole punje kwa punje. Vijana wakabadilisha mguu wa kusimamia. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka upande wa vilimani, na tone la kwanza likalia juu ya koti la Mzee Nsabimana. Mzee akakohoa. Mtu akacheka nyuma, akanyamazishwa.

"Isihaka," nikamwita kwa sauti ndogo. "Ni maboksi tu."

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na udongo na mwingine ulikuwa umeushika ule wa kwanza usifunguke. Mzee Nsabimana alinitazama, na nikaona katika uso wake kwamba kama huyu hatatupa, hakuna mazishi hapa, na kama hakuna mazishi hatuna chama, na mama yangu huyu kwenye kiti hana watu.

"Nisogezeni," mama mkwe wangu akasema.

Tukamsogeza mpaka ukingoni. Alitoa mkono kwenye blanketi, mwembamba, umejaa mishipa, akaushika mkono wa mwanawe chini ya ngumi, kama anavyoshikwa mtoto anayefundishwa kunawa.

"Tupa, mwana wanje."

"Siwezi, Mama."

"Najua huwezi. Ndiyo maana nimekuja." Alipumzika, akavuta pumzi. "Siku yangu mimi nitakuwa huko chini, na mkeo atakuwa ndani na wanawake. Hakuna wa kukushika mkono. Tupa leo nikuone."

Akaanza kumfungua vidole, kidole kimoja kimoja. Cha mwisho Isihaka alikifungua mwenyewe. Udongo ukaanguka juu ya boksi, na mlio wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea.

Mama mkwe wangu alichungulia ndani, akahakikisha umefika.

"Ehe," akasema. "Umeweza. Sasa nirudisheni ndani, nina baridi."

Esteri akashika upande wake wa kiti. Nilipoinama kushika wangu, Isihaka alikuwa ameshanitangulia. Akamnyanyua mama yake mikononi, akaingia naye chumbani, na nyuma yetu makoleo yote yakaanza.